WATOTO WA OOSTERBEEK NA WAZEE WA MIAVULI

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, watoto wa shule wa kijiji cha Oosterbeek, katika nchi ya Uholanzi, huenda makaburini wakiwa na maua mikononi. Kila mtoto husimama mbele ya jiwe moja la kaburi. Sala husomwa, tarumbeta hulia, kisha kwa ishara moja watoto wote huinama pamoja na kuyalaza maua yao chini. Kwa miaka mingi waliketi mbele yao wazee waliovaa kofia za rangi nyekundu iliyoiva, na nishani vifuani. Mwaka baada ya mwaka viti vya wazee hao vilipungua, na vile vilivyobaki vikawa viti vya magurudumu. Sasa safu ile hujazwa na wana wao, mabinti zao, wajukuu na vitukuu.

Desturi hii ilianza mwaka 1945. Watoto wa kwanza waliobeba maua hayo, wale walio hai, hivi leo ni mabibi na mababu waliokwisha kupita miaka themanini.

Wazee tunaowataja walikuwa askari wa miavuli, yaani askari waliorushwa kutoka katika ndege ili washuke nyuma ya majeshi ya adui. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari zao kwa sababu zina jambo moja la ajabu. Ulimwengu huwajengea minara washindi. Lakini watu wa Oosterbeek huwaheshimu askari walioshindwa. Tena walioshindwa pale pale kijijini kwao, na ambao kushindwa kwao kuliwatia wenyeji katika msiba mkubwa. Mtu mwenye akili hana budi kuuliza sababu yake.

Jumapili ya tarehe 17 Septemba 1944 mbingu za Uholanzi zilijaa miavuli. Jemadari Montgomery wa Uingereza alikuwa amefanya shauri la kuyateka madaraja yote yaliyo njiani mpaka mto Rhine, ili majeshi ya nchi kavu yapite upesi na kuingia Ujerumani, na vita vimalizike kabla ya mwaka kwisha. Daraja la mwisho, lililo mbali kuliko yote, lilikuwa katika mji wa Arnhem. Kazi ya kulikamata walipewa askari wa Divisheni ya Kwanza ya Miavuli ya Waingereza, chini ya Meja Jenerali Urquhart. Waliambiwa walishike kwa siku mbili au tatu tu, na wenzao wenye vifaru watakuwa wamekwisha fika.

Shauri hilo lilikuwa na kasoro zilizoonekana mapema na wale waliotaka kuziona. Mahali waliposhushwa askari palikuwa mbali na daraja, mwendo wa kilometa kumi na zaidi kwa miguu. Ndege hazikutosha kuwachukua wote siku moja. Na karibu na Arnhem zilikuwapo divisheni mbili za vifaru vya Wajerumani, zimepumzishwa hapo baada ya vita vya Ufaransa. Watu wapatao 740 tu, wengi wao wa kikosi cha Luteni Kanali John Frost, ndio waliofika darajani. Walikaa katika nyumba za upande wa kaskazini siku tatu na usiku nne, nyumba zikiteketea juu ya vichwa vyao, mpaka risasi zikawaishia. Wenzao waliosalia walizungukwa katika Oosterbeek, kijiji cha nyumba nzuri na miti mikubwa, nao wakapigana humo mpaka usiku wa tarehe 25. Usiku huo, katika mvua, askari wapatao 2,400 walivushwa mto kwa mashua. Walikuwa wamekwenda watu wapatao 10,000. Karibu 1,500 walikuwa wamekufa, na zaidi ya 6,000 wakawa mateka.

Sinema iliyotengenezwa mwaka 1977 imewafanya watu wengi walijue daraja hilo. Lakini sinema huishia pale risasi zinapoishia, na habari yetu ndipo inapoanzia.

Wafanyakazi wa nchi hii, hasa ndugu zetu wa reli, wasikie jambo lifuatalo. Siku ile ile miavuli ilipoonekana, serikali ya Uholanzi iliyokuwa ikikaa uhamishoni London iliwataka kwa redio wafanyakazi wa reli wagome, ili Wajerumani wasiweze kusafirisha majeshi yao. Wafanyakazi wapatao 30,000 waliitika. Waliacha kazi wakajificha, wakiamini kwamba ni jambo la siku chache tu na ukombozi utafika. Haukufika. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji mikubwa ya magharibi, na hata zuio hilo lilipolegezwa, baridi ilikuwa imekwisha kuigandisha mifereji ambayo mashua hupitia. Katika miezi ile watu walikula vitunguu vya maua. Watu wapatao 20,000 walikufa, na Waholanzi mpaka leo huyaita majira hayo ya baridi kwa jina la njaa. Mgomo ule haukuvunjwa mpaka vita vilipokwisha.

Na watu wa Arnhem wenyewe? Waliamriwa na Wajerumani kuuhama mji wao. Karibu watu 100,000 wa Arnhem na vijiji vya jirani walitoka na vifurushi na mikokoteni, wazee na wagonjwa juu ya baiskeli, na nyuma yao nyumba zikaporwa mpaka vyombo vya jikoni. Waliporudi katika mwaka 1945 walikuta mji wa magofu. Basi hapo ndipo pa kustaajabia, kwani katika Septemba ya mwaka huo huo, watu wale wasiokuwa na madirisha wala mapaa waliwapa watoto wao maua na kuwapeleka makaburini.

Tuna habari za mama mmoja, nazo zaweza kutufumbulia fumbo hili kuliko hotuba nyingi. Jina lake ni Kate ter Horst, mama wa watoto watano, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya kanisa la zamani la Oosterbeek. Daktari wa jeshi alimwomba ruhusa ya kuwaleta majeruhi wachache. Mwishowe nyumba ilijaa majeruhi zaidi ya mia mbili, wamelazwa vyumbani, ngazini na ujiani, hata haikupatikana nafasi ya kukanyaga. Yeye aliwaficha watoto wake chini ya nyumba, kisha akapita chumba kwa chumba akiwapa maji na kuwasomea Zaburi ya 91. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twaijua Zaburi hiyo kwa moyo, nasi twaweza kufikiri ilisikikaje masikioni mwa kijana wa miaka ishirini anayekata roho katika nchi ya ugeni. Watu 57 walizikwa bustanini mwake.

Vita vilikwisha, mama akarudi nyumbani kwake. Mwaka 1947 mwanawe mmoja alikanyaga bomu lililosalia ardhini tangu siku zile, akafa. Mama aliyepata msiba kama huo angekuwa na haki ya kuufunga mlango wake asitake kusikia tena habari za askari wala za miavuli. Hakuufunga. Kila Septemba walirudi wale waliolazwa sakafuni pake, wakija na wake zao, na baadaye na watoto wao, naye aliwapokea mpaka alipofariki mwaka 1992. Katika nyumba nyingi za Oosterbeek ikawa hivyo hivyo: askari hakufikia hotelini, alifikia kwa jamaa aliowajua, chumba chake kilimngoja, na watoto wa nyumba hiyo walimwita mjomba. Undugu huo ulirithiwa. Wapo leo wajukuu wa askari ambao huandikiana barua na wajukuu wa wenyeji, na ambao babu zao wote wawili wamekwisha lala kaburini.

Mwaka 1969, ilipotimia miaka 25, wakuu wa jeshi la miavuli la Uingereza waliona kwamba sasa yatosha, sherehe hizo zikome. Wenyeji walikataa kata kata. Sherehe zikaendelea.

Lililowakaa moyoni askari wenyewe lilionekana wazi miaka 25 baadaye. Mwaka 1994, katika kumbukumbu ya miaka 50, karibu na jumba la Hartenstein lililokuwa makao ya Urquhart na sasa ni nyumba ya makumbusho, liliwekwa jiwe kwa ajili ya wananchi wa jimbo la Gelderland. Maneno yaliyochorwa juu yake ni ya askari. Hayajisifu. Yanasema kwa ufupi kwamba wao walikuja kuleta ukombozi wakaleta mauti na uharibifu, na kwamba wenyeji hawakuwalaumu kamwe kwa hayo. Tumepata kuona minara mingi ya vita katika picha, na mingine kwa macho yetu, lakini mnara ambao askari anakiri mbele ya raia kwamba alimwongezea taabu ni jambo la nadra sana. Kwa maoni yetu, kukiri huko ndiko kulikouweka undugu huu hai miaka yote. Wenyeji waliona ujasiri wa vijana wale kwa macho yao, wakajua pia kwamba kosa halikuwa lao waliokufa, bali la wale waliopanga mambo mezani. Na askari, kwa upande wao, hawakudai shukrani.

Lakini wako ambao kwa miaka 60 hawakutendewa haki hiyo, nao ni Wapolandi.

Pamoja na Waingereza ilikuwapo brigedi ya askari wa miavuli wa Poland, chini ya Jenerali Stanisław Sosabowski. Watu hawa walijiandaa kuruka katika nchi yao wenyewe. Mji wao mkuu, Warsaw, uliasi dhidi ya Wajerumani tarehe 1 Agosti 1944, nao waliomba wapelekwe huko wakawasaidie ndugu zao. Walipelekwa Arnhem. Sosabowski aliyaona makosa ya shauri la Montgomery kabla ya vita, akayasema waziwazi mbele ya wakubwa, na wakubwa hawakumpenda kwa hilo. Ukungu uliwachelewesha, hata walipofika tarehe 21 walishushwa katika kijiji cha Driel, ng'ambo ya pili ya mto, bila mashua za kutosha. Waliwaona Waingereza wakiteketea upande wa pili, wakajaribu kuvuka usiku kwa vimashua vya mpira, huku bunduki za Wajerumani zikifagia maji. Wachache walifika, na baadhi ya wale waliothubutu wakaangamia.

Vita viliposhindikana alitafutwa wa kubebeshwa lawama, na lawama ikamwangukia mgeni. Wakubwa wa Kiingereza waliandika kwamba Wapolandi hawakupigana vyema, na mwezi wa Desemba mwaka huo Sosabowski akaondolewa katika uongozi wa brigedi aliyoiunda kwa mikono yake. Mwaka 1946 serikali mpya ya Poland nayo ikamvua uraia. Jenerali akabaki London, akafanya kazi ya kiwandani kama mfanyakazi yeyote, mpaka alipokufa tarehe 25 Septemba 1967. Wasomaji wataikumbuka tarehe hiyo: ndiyo siku ambayo miaka 23 nyuma yake mashua zilivuka Rhine katika mvua.

Watu wa Driel hawakukubali maneno ya wakubwa. Kijiji chao ni kidogo, na uwanja wake huitwa kwa jina la Wapolandi. Mwanamke mmoja wa hapo, Cora Baltussen, aliyewauguza majeruhi wa brigedi ile, alipigania heshima yao maisha yake yote, akiandika, akisafiri, akibisha hodi katika ofisi za serikali. Alifariki mwaka 2005. Miezi michache baadaye, tarehe 31 Mei 2006, Malkia Beatrix wa Uholanzi aliitunukia brigedi ile nishani ya kijeshi iliyo kuu kuliko zote za nchi hiyo, na Sosabowski naye akapewa nishani yake, ingawa mwenyewe alikuwa kaburini karibu miaka 40. Septemba ya mwaka huo ukawekwa Driel mnara wa ukumbusho wa jenerali huyo. Fedha zake zilitolewa na askari wazee wa Kiingereza waliopigana Arnhem. Wao walijua nani alijaribu kuwavukia, hata kama majemadari wao waliandika vingine.

Tumelieleza hili kwa urefu kidogo kwa sababu twaona kwamba mkutano wa ukumbusho haupimwi kwa bendera wala kwa ngoma zake. Yafaa kuuliza ni nani ameachwa nje ya lango.

Basi na tuulizane hapa kwetu. Makaburi ya Oosterbeek, yenye watu zaidi ya 1,700 pamoja na Wapolandi 79, yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo hiyo huyatunza makaburi ya vita yaliyo Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Kanuni yake tangu zamani ni kwamba kila aliyekufa apate jiwe au jina lake liandikwe, pasipo kutazama cheo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kwamba baada ya Vita Kuu ya kwanza kanuni hiyo haikufuatwa kwa watu wote. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, walioitumikia Dola ya Kiingereza hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao ni Waafrika, hasa wa upande wetu huu wa Afrika. Taarifa ilitaja pia sababu, yaani ubaguzi wa wakubwa wa zama zile, waliosema kwamba Mwafrika hahitaji jiwe.

Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ina maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini haina jina hata moja la mtu. Na wapagazi, ambao walikufa wengi kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi, jina lililobaki ni la kikosi chao kwa pamoja, lile ambalo midomo ya wenyeji ililigeuza kuwa Kariakoo. Tunanunua hapo nyanya na vitenge kila siku.

Katika Vita vya Pili mambo yalikuwa afadhali. Septemba ile ile ya 1944, watoto wa Oosterbeek walipokuwa wamejificha chini ya sakafu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilikuwa ikilipita bonde la Kabaw nchini Burma, katika mvua na matope, kuelekea mto Chindwin. Waliofia huko majina yao huandikwa. Ila wale waliorudi, nani aliwakutanisha? Wengi wetu tumekua tukiona nishani ya babu imefungwa kitambaani chini ya sanduku, pamoja na kipande chake cha kuachishwa kazi ya jeshi, naye mwenyewe akijibu kwa neno moja kila alipoulizwa: Bama. Watoto hawakujua kama ni jina la mji au la ugonjwa. Sisi nasi hatukumwuliza zaidi, na kosa hilo hatuwezi kumbebesha Mwingereza.

Twakubali kwamba jambo limeanza kutengenezwa. Januari 2025 mjini Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wa Waafrika wa vikosi vya kazi zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita vya kwanza. Haukujengwa kwa mawe. Kila mtu amesimamishiwa nguzo yake ya mti wa mvule, na jina lake limechorwa juu yake. Hapa kwetu mvule twaujua vizuri, kwani ni mti wa milango na mashua, nao hauogopi mchwa.

Turudi Oosterbeek. Mwezi wa Septemba nyumba za kijiji hicho hutundika bendera zenye alama ya farasi mwenye mabawa, ambayo ndiyo alama ya askari wale. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maelfu kwa maelfu ya watu hutembea kwa miguu katika njia za vita, matembezi yaliyoanza mwaka 1947. Juu ya uwanda wa Ginkel, walipotua askari wengi siku ya pili ya vita, vijana wa majeshi ya leo huruka kwa miavuli. Mwaka 2019, katika kumbukumbu ya miaka 75, aliruka pia mzee mmoja wa Kiskoti wa miaka 97, amefungwa kifuani mwa kijana mwenye mwavuli, kwani alikuwa ameruka pale pale akiwa na miaka 22. Alipotua, alikwenda makaburini kumtafuta rafiki yake.

Mawe mengine bado hayana majina. Mara kwa mara mifupa huonekana katika bustani au ukingoni mwa msitu, au uchunguzi mpya wa karatasi za jeshi hufunua ni nani aliyelala chini ya jiwe lisiloandikwa, na hapo hutafutwa jamaa zake, waitwe waje wasimame jiwe jipya linapobarikiwa. Huja watu ambao hawakupata kumwona marehemu kwa macho; mpwa, au mjukuu wa ndugu. Wana wa askari huzivaa nishani za baba zao, lakini huzivaa upande wa kulia wa kifua, maana upande wa kushoto ni wa yule aliyezipata mwenyewe. Mtazamaji akitupa macho katika safu ya mbele Jumapili ile aweza kuhesabu mara moja nishani ngapi zimebaki kushoto.

Na siku chache kabla ya Jumapili hiyo, katika shule za kijiji, watoto huelezwa habari za vijana wale waliotoka mbinguni, kisha kila mmoja huandaliwa maua yake.